Baba Mkwe wa Mwenzangu

Najua kisa hiki mmeshakisikia vipande vipande, maana majirani zangu wa Buhare hawana dogo, na kila anayekisimulia anaongeza chumvi yake, kwa hiyo acheni leo nikiseme mwenyewe. Aibu ni yangu na mdomo ulioniponza ni wangu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari foleni, sabuni foleni, hata kiberiti unakipangia mstari. Mimi Mjita, nimeolewa na Mugendi, Mzanaki wa Butiama aliyekuwa anafanya kazi kiwandani hapa Musoma, mwaka wa tatu huo na mtoto bado. Kila aliyetoka kwao alituletea salamu, na mwisho wa salamu anauliza, "Na huko vipi?" huku ananiangalia tumbo. Mimi nilishakwenda hospitali, daktari akaniambia, mama wewe huna tatizo, mlete mwenzako. Mwenzangu akagoma. "Mimi mwanaume mzima nikapimwe nini?" Nikanyamaza, nikamfichia siri yake, lawama nikazibeba mimi.

Ndipo ikaja habari kwamba baba mkwe anakuja. Anakujia nini, hakuna aliyesema, lakini mzee wa namna ile haachi ng'ombe zake kuja mjini kutembea tu, na mimi nilijua kabisa kwamba nikimkosea hata kidogo siku hiyo, nafungashiwa virago kurudi Majita.

Mugendi akaingia kazini, akaniachia kazi ya kumpokea mzee stendi. Sasa sikilizeni shida yangu. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, na jina lake halitaji kabisa (hata hapa mbele yenu sitalitaja, japo mzee ameshatutoka miaka mingi), ila ni lile wanalopewa waliozaliwa mvua ikinyesha, mmeshalijua, na mkoa wetu huu mvua haijawahi kuchagua boma la kunyeshea, wenye jina hilo wamejaa kuanzia Bunda mpaka Tarime. Kwake nilikuwa nimepelekwa mara moja tu, nikapiga magoti macho chini, nikasalimia, nikatoka kinyumenyume. Kwa hiyo nilichomjua baba mkwe wangu ni miguu. Miguu mirefu, mikavu, ndani ya katambuga za tairi. (Na miaka ile nani hakuvaa tairi? Viatu tulikuwaga tunaviona kwa padri.)

Basi la Bunda likaingia, lile linalopakia na watu wa Butiama njia panda, watu wakamwagika na mizigo na kuku, mimi nikamfuata konda nikamwambia, "Kaka, niitie mzee mwenye jina la mvua, mimi siruhusiwi." Konda akacheka, akalipaza lile jina stendi nzima.

"Mimi hapa! Nani ananitaka?"

"Mkwe wako, mzee. Amekuja kukupokea."

Nikapiga magoti pale pale vumbini. Nikaangalia: katambuga, miguu mirefu. Moyo ukatulia kidogo. Konda akaniinamia, "Una hakika ndiye? Muulize basi katoka kijiji gani." Mimi nimuulize baba mkwe wangu anakotoka, si ataniona mwehu? Nikamwambia konda, wee, niachie mkwe wangu, nikabeba mfuko nikatangulia. Na yeye mzee wa watu, kwa heshima hiyo hiyo, uso kageuzia pembeni, hakunitazama hata mara moja, akasema tu, "Haya mama, twende." Hapo ndipo nilipojimaliza, kwa swali moja nililoona aibu kuliuliza.

Tukafika Buhare. Nikamwekea maji ya moto, nikachinja yule kuku mmoja niliyekuwa naye, sukari yote niliyoipigania foleni nikaimimina kwenye chai yake, na kwa vile mkwe hakai na mkwe chumba kimoja nikamwomba Baba Rhobi, jirani yangu wa mlango wa pili, aje amzungumzishe. Mimi nikabaki jikoni, na jiko langu na sebule vilitenganishwa na ukuta wa udongo, hata mtu akikohoa unamsikia. Mzee akaomba ugoro. Nikashtuka, maana Mugendi alikuwa anasemaga baba yake hagusi ugoro tangu abatizwe. Nikasema moyoni, ah, wazee hawa, mwanawe hayupo ndiyo anajiachia, nikaenda kumtafutia ugoro kwa majirani.

Narudi na ugoro mkononi nasikia Baba Rhobi anauliza, "Mzee, safari ya heri lakini?"

"Heri gani," mzee akajibu, mdomo umejaa kuku wangu. "Nimekuja kumwambia kijana amrudishe huyu mwanamke kwao. Nyumba haina kilio cha mtoto. Ng'ombe wangu wanazaa huko kwao, yeye hapa hazai."

Jamani, mimi sijui ni nini kilinipanda. Miaka yote ile nimekaa kimya, nimetupiwa maneno sokoni, kanisani, kisimani, halafu mtu anamalizia paja la kuku wangu ndiyo ananifananisha na ng'ombe! Nikaingia sebuleni na mwiko mkononi (msiniulize mwiko niliuchukua saa ngapi), nikamtazama mkwe usoni, macho makavu.

"Ng'ombe wako nenda kawachukue hata leo! Lakini kabla hujanirudisha kwetu, muulize kwanza mwanao kwa nini anaogopa daktari! Mimi nimepimwa, sina tatizo! Yeye ndiye amekataa kupimwa, na mimi ndiye ninayetukanwa!"

Sauti yangu mnaijua. Majirani walishajaa uani. Baba Rhobi anasema, "Mama, mama, mama," kama mtu anayetuliza ndama, mzee wa watu amebaki na mfupa mkononi, mdomo wazi, na mimi bado naendelea, yaani naendelea, nasema mpaka lile la dawa za kienyeji nilizonyweshwa mpaka nikatapika damu.

Kisha watu uani wakanyamaza ghafla. Nikageuka.

Mlangoni alisimama Mugendi na nguo za kazini, uso umemshuka, na pembeni yake mzee mwingine, vumbi la pamba kichwani, miguu mirefu, katambuga. Alikuwa amekosa basi njia panda, akapanda lori la pamba, akashukia geti la kiwandani akamsubiri mwanawe atoke. Walikuwa wamesimama pale tangu kwenye ng'ombe. Wamesikia yote.

Mwiko ulinitoka mkononi. Nikakaa chini sakafuni, nimefunika uso na kanga, nalia.

"Huyu ni nani?" Mugendi akauliza.

Yule mgeni wangu akajitaja. Jina lile lile. Katoka Bunda, kijana wake anakaa Nyasho, mtaa mwingine wa mji huu huu, na mkwewe alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali. Kumbe mimi na yeye tulikuwa tumeheshimiana mpaka tukapotezana.

Baba mkwe wangu, yule wa kweli, akaingia taratibu, akakaa, akamgeukia mwenzake.

"Wajina," akamwambia, "kuku wangu umemla wewe. Na maneno yangu umepewa wewe."

Hakuna aliyecheka.

"Maana na mimi nilikuja na neno hilo hilo."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Mugendi. Anayosema huyu mama ni kweli? Hukwenda?" Mugendi akaangalia chini. Mbele ya Baba Rhobi, mbele ya ua mzima, mume wangu akaangalia chini kama mtoto, na mimi ndiye niliyemfanyia hivyo. "Basi kesho tunakwenda, mimi na wewe. Mtoto wa watu abaki kwake." Hakunitazama, alisema akielekea ukutani, ila lile neno "kwake" nililisikia vizuri.

Wakaenda, akatibiwa, na sikurudishwa Majita. Yule mwenzangu wa Nyasho, mke wa kijana wa yule mzee, sijui yalimkuta yapi, sikupata ujasiri wa kwenda kumuuliza. Lakini Mugendi alikaa muda mrefu haendi kilabuni, maana akiingia tu kuna mlevi anamuuliza kama daktari hajambo, na hakunigombeza hata siku moja, bora angenigombeza.

Kwa hiyo kwangu siku hizi, awe mkwe, awe padri, mgeni simpokei mfuko mpaka nimemtazama usoni nikamuuliza ni nani, katoka wapi na kijana wake anaitwa nani. Ataniona sina adabu, na aone. Aibu hiyo ingekuwa yangu peke yangu na ingeisha pale pale stendi, ila hii niliyoikwepa alikuja kuibeba mume wangu.