Umeme ulikatika vyumba vya nyuma, nikajibu "zima", na mume wangu yuko darini

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Humu huwa nasoma tu na kupita. Juzi nimeona kijana anauliza kwa nini nusu ya nyumba yake ina umeme na nusu haina, mtu akamjibu apande darini aangalie mwenyewe. Nikakosa amani. Ndiyo maana leo naandika.

Nina miaka themanini na kitu, na shule yangu iliishia darasa la nne. Nitasema kilichotokea kama kilivyotokea. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mume wangu Andrea tumemzika Kihesa mwezi uliopita. Hakufa kwa umeme, nisiwatishe. Ni uzee na kifua. Lakini kuna siku moja, miaka ya hamsini, alikaribia kufa kwa neno lililotoka mdomoni mwangu.

Mimi ni Msafwa wa Uyole. Yeye alikuwa Mhehe. Nilipoolewa nikaletwa Iringa kwa basi, sijui Kihehe hata neno moja, naye Kisafwa anajua salamu tu. Kwa hiyo ndani tuliongea Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza. Yeye alikiokota kwa mafundi, mimi nilikiokota sokoni. "Kiti mzuri", "nguo yangu kubwa ile moja", ndivyo tulivyosema. Tulielewana. Au tulidhani tunaelewana.

Andrea alikuwa msaidizi wa fundi umeme pale mjini. Tulikaa vyumba vya nyuma kwa Mzee Salum, mwenye duka, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani. Nyumba yake ilikuwa na umeme, jambo la nadra wakati ule kwa watu kama sisi.

Kwetu nyuma zilikuwepo taa mbili. Nilikuwa naziogopa. Kuwasha nilitumia kidole kimoja huku nimefumba macho. Chekeni tu, hata yeye alicheka.

Siku yenyewe ilikuwa masika, saa kumi alasiri, mvua nzito, mawingu yameshuka mpaka juu ya mabati. Taa za nyuma zikazimika. Za dukani zinaendelea kuwaka.

Andrea akaanza kutafuta. Akabadilisha balbu, hola. Akafungua swichi ya ukutani, nyaya zimekaa vizuri. Akasema imebaki fyuzi au darini.

Ubao wa fyuzi ulikuwa kwenye korido, pamoja na swichi kubwa ya nyumba yote, ile yenye mkono wa chuma. Kwa haki, ile swichi ilipaswa kushushwa kabla ya kugusa chochote. Lakini Mzee Salum akasema kutoka dukani:

"Andrea, usinitie gizani. Nina watu humu, watajipimia sukari wenyewe."

Wateja wakacheka. Andrea akaona haya, akaiacha inawaka.

Akaniita. "Maria, chomoa fyuzi ya upande wetu, kaangalie mlangoni penye mwanga. Kama kawaya kake kamekatika, niambie. Kama hakajakatika, niambie zima. Mimi napanda juu kuangalia panya. Nikikuta kitu, nitakwambia uzime ile kubwa."

Wakuu, mmeona hilo neno limekuja mara mbili? Mimi sikuona.

Nikachomoa. Fyuzi za wakati ule zilikuwa za kauri, kama kipande cha kikombe kilichovunjika. Nikaenda nayo mlangoni, nikaangalia, kawaya kazima kabisa. Nikairudisha mahali pake, kwa sababu Andrea alinifundisha kwamba kifaa ukikitoa unakirudisha ulikokitoa. Nikasimama pale chini ya ubao, nimefurahi kwamba leo na mimi nimejua jambo katika kazi yake.

Huko juu alikuwa amekuta waya umetafunwa na panya. Mimi sikujua.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Nikamsikia kwa mbali:

"Zima."

Yeye alikuwa anaagiza. Mimi nilisikia anauliza habari ya fyuzi. Nikajibu kwa sauti:

"Zima."

Alikuwa mtu mwangalifu. Hakugusa. Akauliza tena:

"Zima kabisa?"

"Zima kabisa."

Sikusikia ukelele. Umeme haumpi mtu nafasi ya kupiga kelele. Nilichosikia ni ngazi inagonga ukuta, haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi huku anakimbizwa.

Nikageuka. Kichwa na mikono yake vilikuwa ndani ya tundu la dari. Miguu iko kwenye ngazi na inatetemeka yote miwili kwa pamoja. Nikakimbia nimshike miguu.

Bi Zuhura, mke wa Mzee Salum, alikuwa anatoka jikoni na ungo wa mchele. Akanisukuma kwa ule ungo kifuani, mchele wote ukamwagika.

"Usimguse, mwanangu. Utakwenda naye. Swichi."

Kutoka pale mpaka kwenye ubao ni hatua sita. Mpaka leo nazitembea nikiwa usingizini. Nilifika, nikaushika ule mkono wa chuma, na akili ikanitoka. Sikukumbuka kama unashushwa au unapandishwa. Nilijua nikikosea naye ndiyo basi. Ngazi bado inagonga.

Nikaning'inia hapo hapo kwa uzito wangu wote.

Duka likawa giza. Ngazi ikanyamaza. Andrea akaanguka.

Watu wa dukani wakaja. Mmoja akasema tumfukie kwenye udongo uliolowa, ardhi itanyonya umeme. Mwingine akasema maziwa. Bi Zuhura akawaambia wakae mbali apate hewa. Mimi nilipiga magoti, nikaweka sikio kifuani kwake.

Nikasikia kitu kinadunda. Lakini na mabati yalikuwa yanadunda. Sikuweza kujua kama ni moyo au ni mvua.

Nawaambia ukweli, sikuomba apone. Niliomba mvua ipungue tu, nisikie. Na haikupungua.

Sijui ilichukua muda gani. Kisha akakohoa.

Mzee Salum alimpeleka hospitali kwa pikapu yake, nami nimekaa nyuma nimeshikilia kichwa chake, turubai juu yetu. Mkono wa kulia uliungua kiganja. Vidole viwili havikunyooka tena maisha yake yote.

Kesho yake aliweza kuongea. Mzee Salum alikuwepo. Andrea akaniangalia, akasema:

"Si ulisema umezima?"

"Sikusema nimezima. Nilisema fyuzi ni zima."

Akafumba macho. Nikajua sasa ananiacha. Ningekuwa yeye ningeniacha.

Mzee Salum ndiye aliyeongea. "Fyuzi haiwi zima, binti. Fyuzi huwa nzima. Herufi moja tu. Ninyi watu wa bara mtakuja kuuana na hiki Kiswahili chenu."

Andrea akaanza kucheka, kicheko kikamuumiza mbavu, akawa anacheka na kulia. Mimi nililia tu.

Mama yake alipokuja kutoka kijijini, aliuliza nani alikuwa kwenye swichi. Nikasema ni mimi, mama, na nikamweleza lile neno. Nilikaa naye siku tatu hanijibu.

Baada ya wiki kadhaa Andrea akasema ule waya bado haujaungwa, atapanda kuumaliza. Nikamwambia amwite mtu mwingine asimame kwenye ubao.

Hakubishana. Akaenda mwenyewe, akashusha swichi kubwa, Mzee Salum safari hii hakusema kitu. Akachomoa fyuzi. Akaja nayo mpaka nilipokaa, akaiweka kwenye kiganja changu na kunifumba vidole kwa ule mkono wake wenye bandeji.

"Ikiwa kwako, haiko ukutani," akasema. "Sitakuuliza neno."

Akapanda.

Niliikamata mpaka ikapata joto. Sikuiachia hata kufuta jasho. Aliposhuka ilibidi anibandue vidole kimoja kimoja.

Tangu siku ile, kila alipofanya kazi ya umeme nyumbani, fyuzi nilishika mimi. Hakumpa mtu mwingine, hata watoto wetu walipokua. Mafundi wenzake walimtania kwamba kaoa meinswichi. Alikuwa anawajibu, "Ndiyo, na haijawahi kuungua."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kwenye umeme usimwamini mtu kwa sauti, hata akiwa anakupenda. Shusha mwenyewe, chomoa mwenyewe, pima kwa testa. Kama nyumba yako ni ya hizi swichi ndogo za siku hizi, weka mtu asimame hapo hapo na asiondoke, mkubaliane neno moja lenye maana moja. Na kama hujui, ita fundi, giza la siku moja halijaua mtu.

Je, kwenu kuna neno lililowahi kuwachanganya mpaka likaleta hatari? Andikeni. Nasoma polepole kwa sababu ya macho, lakini nitasoma yote.