Nafasi Katika Mstari wa Darasa la Saba

Mwalimu wetu wa nidhamu hapazi sauti. Kila asubuhi hupanga shule nzima uwanjani, darasa kwa darasa, kwaya mbele, skauti nyuma, akiwagusa wanafunzi mabegani kwa vidole vyenye vumbi la chaki. Katika mstari wa darasa la saba huacha nafasi ya mtu mmoja. Sisi walimu tumeuliza mpaka tukachoka. Yeye hutabasamu tu. Jana msichana aliyehamia kwetu siku hiyohiyo alisimama pale. Mwalimu akamwinamia. "Sogea, mwanangu. Hapo pana mtu." Nusura niangue kicheko. Msichana akasogea, akaigeukia ile nafasi tupu, akainua macho taratibu, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo, bibi."