Kilemba cha Barafu

Gauni langu la harusi lilipasuka mgongoni mbele ya wakwe, na aliyelishona akasema kosa ni la mgongo.

Huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi. Siku ile niliinama kuwaamkia wazee, nikasikia praaa! kutoka shingoni mpaka kiunoni. Nikafunikwa shuka kama kochi linalohamishwa. Fundi akasimama katikati ya watu, pini mdomoni, akasema, "Nilimpima vizuri. Kanenepa."

Kanenepa! Bibi harusi ambaye chakula hakipiti kwa wasiwasi! Tangu hapo hakuna sherehe wala kikao ambapo hakukisimulia kisa hicho. Nikifungua mdomo nijitetee, keshanikatiza, watu wanacheka. Na mimi nilijua ninachokijua: mwezi haujaisha, binti yake, siku hizo mdogo, akavaa kigauni cha maua yaleyale ya gauni langu. Kitambaa changu. Nilipomuuliza akasema, "Wifi, maua duniani ni mengi." Nikanyamaza. Kunyamaza si kusahau.

Miaka ikaenda. Mwaka huu Fundi akaanguka kwenye stuli akivuta jora la kitambaa, taya likavunjika, na kwa ubishi wake hakwenda hospitali. Likaunga upande. Akawa anatafunia shavu moja, akipiga miayo taya linalia ka! ka! Mwisho alipokwenda, daktari akamwambia: tutalivunja upya tulinyooshe, meno tuyafunge kwa waya wiki kadhaa. Hutafungua mdomo.

"Hatafungua mdomo?" nikamuuliza daktari. "Hebu sema tena, baba, sikio langu hili zito."

Mume wangu akanifinya.

Binti yake, sasa mtu mzima, anakaa ghorofani juu kabisa, ngazi hazina mwisho, kwa hiyo ikaamuliwa Fundi auguzwe kwangu. Waliamua wao, mimi nikaambiwa. Lakini mimi kazi nikiishika naishika. Nikaazima blenda, nikanunua chujio la matundu madogo. Nesi alitupa bomba la sindano, sindano yenyewe haipo, la kumpitishia uji pembeni ya meno. Nikalijaribu kwa mume wangu, shati lote likanywa uji. Kitandani nikapanga mito, alale kama aliyekaa. Kikombe cha bati na kijiko, agonge akitaka kitu. Na ukutani, karibu na kichwa chake, nikatundika koleo ya kukatia waya, maana nesi alisema akitapika akapaliwa, kateni haraka, msingoje mtu. Alitufundisha mpaka tukaweza.

"Hiyo koleo," Fundi akasema, "asiishike wifi."

"Usijali. Nitakukalia nayo hapohapo."

Likabaki suala la barafu. Nesi alisema mashavu yatavimba sana, yawekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Fundi akasema atajishonea kilemba: ukanda unaopita chini ya kidevu mpaka utosini, na mfuko kila shavu. Wazo zuri, sikatai. Nikamwona anajipima. Anabana.

"Wifi, acha nafasi. Utavimba."

"Fundi hapa nani?"

"Wewe."

"Basi kamenye vitunguu."

Nikaenda kumenya vitunguu.

Akapasuliwa salama, akarudi uso umekuwa kama ile mito niliyompangia. Wageni wakajaa sebuleni: majirani, wateja wake, binti yake. Mume wangu nilikuwa nimempiga marufuku kuchekesha watu, kwa sababu mgonjwa akicheka anaumia, akakaa kwenye kona kama kuku aliyenyeshewa. Nikaleta barafu. Fundi akakivaa kilemba mwenyewe, maana mkono wangu kichwani kwake hautaki. Kikagoma. Akakivuta polepole, kikaingia. Akainama kuchukua kikombe chake.

Praaa!

Mshono ukaachia kutoka sikioni mpaka utosini, barafu ikamwagika mapajani.

Nikasimama katikati ya watu. Pini mdomoni sikuwa nayo, lakini nilisimama vilevile. "Alijipima vizuri," nikasema. "Kanenepa."

Mume wangu akatoka mbio kwenda kuchekea nje. Majirani wakaangalia sakafu, mabega yanawatetemeka. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikaisimulia hadithi ya gauni langu mpaka mwisho, na kigauni cha maua nikakitia, na hakuna aliyenikatiza. Nikamgeukia.

"Sasa nijibu, wifi. Nilinenepa?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, sijui ya maumivu au ya kicheko kilichokosa mlango. Angeweza kufumba macho ajidai amelala, nani angemlaumu? Akachukua kijiko, akagonga kikombe, watu wamwangalie. Akatikisa kidole: hapana. Akaunyooshea mgongo wangu. Akaweka vidole vinne pamoja, vile mafundi wanavyopima, kisha akavigeuza mkasi, akakata hewa. Mkono ukaenda kwa binti yake.

"Mimi?" binti akasema. Halafu macho yakamtoka. "Mama! Kigauni changu cha maua? Si ulisema umeninunulia?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akajipiga kifua: mimi.

"Jamani," jirani mmoja akasema, "miaka yote hii tunacheka mgongo wa watu."

"Na ulikuwa unacheka kuliko wote," nikamwambia. "Usidhani sikukuona."

Mume wangu alikuwa amerudi mlangoni. "Umesikia, mama watoto? Amekubali."

"Sijasikia kitu. Nimeona. Na nyinyi mmeona."

Nikaenda jikoni, nikauchuja uji mara mbili usimkwame, nikamnywesha. Wageni wakaanza: ooo, amemsamehe. Nani kasema? Nimejibiwa. Kusamehe ni kazi nyingine, na mimi sasa hivi nauguza.

Walipoondoka nikakichukua kile kilemba, sindano na uzi, nikaongeza kipande upana wa vidole vinne. Kikamtosha. Lakini kwanza alikipokea, akaugeuza mshono wangu, akaukagua kwa jicho la ufundi. Mshono wenyewe umekwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Akaniangalia, mashavu yanamcheza. Nikakaa kwenye kiti changu, nikamngoja aseme.

Hakusema.