Filamu ya Mchoma Miwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Habari wa kiwanda cha sukari alinionyesha meza yenye taipureta nzito, akaniuliza kama najua kuchekesha. Nikamjibu kwamba nimeandika riwaya mbili za majonzi, na wachapishaji wa Nairobi wamezirudisha zote.

"Basi unafaa," akasema. "Mtu aliyekataliwa hivyo hawezi kuringa."

Nyinyi vijana mnaopiga filamu kwa simu hamtaamini tulivyohangaika. Kwanza niliandika skripti kwa safu mbili: kushoto kile jicho linachoona, kulia kile sikio linachosikia. Filamu ikishakamilika iligawanywa katika mikanda miwili, ikapakiwa kwenye gari la sinema lenye jenereta na kitambaa cheupe, ikaonyeshwa sokoni jua likizama. Mkanda wa kwanza ukiisha, fundi alisimamisha mashine ili aweke wa pili.

Wakati huo Kakamega ilikuwa imelewa sukari. Watu waling'oa mahindi hadi mlangoni wakapanda miwa, kisha wakangoja trekta za kiwanda zije kuivuna. Wengine walingoja mpaka ikapitiliza. Sasa, muwa ulioungua huharibika upesi, kwa hiyo kiwanda kilikimbilia kwanza mashamba yaliyoungua. Mkulima aliyechoka kungoja alijichomea shamba lake mwenyewe, na trekta ikaja. Kiwanda kikaapa kuwafunga watu wa namna hiyo.

Meneja wa Mashamba, bwana mnene aliyechukia vicheko vya wengine, aliniita. "Wacheke kwanza, halafu waogope," akaniagiza.

Nikamtunga Kiberiti, mkulima anayechoma miwa yake na kuficha kiberiti ndani ya ngoma ya kwaya. Askari wanaomtafuta wanaishia kuicheza ngoma hiyo hiyo. Mwishoni anafungwa jela. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, nasema bila haya.

Aliyeigiza Kiberiti alikuwa Munyendo, mkulima wa Navakholo aliyevunja watu mbavu kwenye kila harusi. Tulipofika sehemu ya jela, alinivuta kando.

"Bwana Mwandishi, hapo mwisho niachilie tu. Watu ya hapa wakikuona kwa sinema umefanya kitu, wanasemanga umefanya kweli."

Nikalipeleka ombi lake kwa Meneja. "Bila jela hakuna filamu," akanijibu, "na bila filamu hakuna mwandishi." Nilikuwa na watoto wa kulisha. Munyendo akaingia jela ya kuigiza, watu wa kamera wakacheka mpaka wakatoa machozi.

Kilichotuponza ni mvua. Mnaijua mvua ya huku. Masoko mengi yalipata mkanda wa kwanza tu, kisha matone yakaanza, fundi akafunika mashine na watu wakatimka. Walienda nyumbani wakiwa wamemwona Kiberiti akichoma, akiwazidi askari akili, akiletewa trekta. Jela hawakuiona. Moto ukazidi badala ya kupungua, na wakubwa wakataka mtu akamatwe, yeyote yule.

Adhuhuri moja ya kiangazi, upepo ulitoa moto kwa jirani ukauingiza katika miwa ya Munyendo. Yeye alikuwa matangani, amebeba jeneza. Askari waliokuja walikuwa wameiona filamu. Walikwenda moja kwa moja kanisani wakapasua ngoma ya kwaya. Hawakukuta kitu, na hilo nalo likawa ushahidi: eti Kiberiti ameongeza ujanja.

Mkuu mpya wa Habari alinionya nisiende mahakamani. Nilikwenda. Nikasimama nikaeleza kwamba moto wa kwenye filamu niliutunga mimi, na Munyendo alifuata tu maneno yangu.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemfundisha?" akauliza kiongozi wa mashtaka.

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Waliokuwa matangani walitoa ushahidi mmoja baada ya mwingine, lakini kila walipomtaja Munyendo, mtu nyuma alinong'ona "Kiberiti," na kicheko kikaanza upya. Akafungwa. Kiwanda kikakataa miwa yake, ikaozea shambani, na mkewe akarudi kulima mashamba ya watu kwa kibarua. Sijawahi kuona uchungu kama ule wa kusikia vichekesho vyangu vikimmaliza mtu.

Mimi nikahamishiwa stoo ya vipuri, nikahesabu nati na bolti chini ya mabwana stoo kadhaa hadi nilipostaafu. Sikuandika tena. Nilijaribu, lakini kila mtu niliyemtunga nilimwonea huruma kabla hajafanya lolote.

Siku ya kuniaga, wakubwa walitaka kunifurahisha, wakaweka ile filamu ukumbini. Nilikuwa nimemwalika Munyendo. Alikuja na koti lililopigwa pasi, mvi kichwa kizima, na vijana wakamwita Kiberiti mlangoni. Akawapungia mkono.

Humo ndani hakukuwa na mvua. Mkanda wa pili ukafika jela. Mlango ule niliupa mlio mrefu wa kuchekesha, tuliorekodi kwenye stoo ya mbolea, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Munyendo akaniinamia sikioni.

"Bwana Mwandishi, hapo ulikosea. Ile mlango hailiangi. Inafungwa tu."

Nilitaka kumjibu, lakini watu walikuwa wameshasimama, wananipigia makofi.