Mstari wa Tatu wa Dibaji

Baba yangu alilima mpunga Mkange, na nilipokuja Bagamoyo kusoma, wanafunzi wenzangu wa mtaa wa Dunda, watoto wa wenye nyumba za mawe, waliniita mshamba mpaka nikalizoea kama jina la siku ya saba. Nilisoma miaka tisa nikiwa na hasira. Sijui kama elimu inayopatikana hivyo ina baraka, ila inakaa kichwani.

Enzi zile, miaka michache kabla ya Wadachi kuja na mizinga yao, mtu aliyetaka kufundisha elimu kubwa hakujitangaza tu. Alisoma, kisha akaandika kitabu chake mwenyewe katika fani moja, akakipeleka kwa masheikh wakikague. Walikisoma, wakamketisha barazani wakamhoji, na wakiridhika waliandika kwenye ukurasa wa mwisho kwamba wamempa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha. Bila hiyo ungeweza kuwafundisha watoto alifu na be mpaka ufe, lakini hakuna mtu mzima ambaye angekuja kukaa mbele yako. Mimi niliitaka ijaza hiyo, tena niliitaka kwa kiburi.

Nilichagua mirathi, fani ambayo wengi huikimbia kwa sababu ya hesabu zake. Niliandika miezi minane, Kiarabu juu na maana yake ya Kiswahili chini ya kila mstari. Wino nilitengeneza mwenyewe kwa masizi ya taa na gundi ya mgunga, na kalamu nilichonga kwa matete ya mto Kingani. Karatasi nilipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na forodha, mtu mpole aliyenichagulia zile zisizoliwa na mende. Hazikutosha. Ndipo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso huniwaka: nilijaza kila ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo, nisibakishe pambizo.

Asiyejua desturi ataona ni jambo dogo. Pambizo ni mahali pa mkaguzi. Huachwa vidole vitatu kila upande, vitupu, ili mkubwa wako aandike humo anapoona umekosea au umepunguza. Kumpelekea shekhe kitabu kisicho na pambizo ni kumwambia hana la kuongeza. Shekhe mkuu, ambaye ndiye aliyenisomesha miaka yote tisa, alikifungua, akakifunga, akanirudishia mikononi bila kusoma neno.

"Naona umeshajikagua mwenyewe," alisema.

Nikaomba radhi, nikaenda kunakili upya kurasa zote. Yule Mhindi aliponiona narudi dukani aliniuliza kama karatasi nazila. Miezi mitatu ilikwenda hivyo, vidole vikawa vyeusi hata nikawa naona haya kula na watu sahani moja. Safari hii niliacha vidole vinne. Walitaka nafasi, basi wapate nafasi.

Wakakaa nacho mwezi mzima, kisha nikaitwa asubuhi moja kwenye baraza ya msikiti. Walikuwa watatu: mwalimu wangu, na wageni wawili waliovuka kutoka Unguja kwa ajili hiyo. Nilisalimia, nikawabusu mikono, nikaketi. Kitabu kilikuwa katikati yao juu ya mto, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Niliona pambizo imejaa mwandiko wa mwalimu wangu, mdogo na mzuri, moyo ukafurahi. Nilipoinama kutazama vizuri nikaona maneno yote yale yameandikwa pembeni mwa mstari mmoja tu.

Katika dibaji mwandishi huwataja waliomsomesha, wa kwanza hadi wa mwisho, ili msomaji ajue elimu imepita mikono gani. Mstari wa kwanza nilimhimidi Mola, wa pili nikamsalia Mtume, wa tatu nikaandika jina la aliyenifundisha kwanza. Alikuwa mwanamke wa kule kwetu Mkange, mkulima, aliyewahi kuwa mjakazi akaachwa huru. Yeye ndiye aliyenishika mkono juu ya ubao nikiwa na miaka sita, na kwake nilihitimu Kurani na kusoma mlango wa kwanza wa mirathi kabla sijamwona shekhe yeyote. Jina lake nililiandika kamili, na mbele yake nikaweka maneno "mwalimu wangu".

"Huyu ni nani?" aliuliza mmoja wa wale wageni.

"Ni mwalimu wangu wa kwanza, shekhe."

"Kasoma kwa nani?"

"Kwa watu wa nyumba aliyokuwa akitumikia."

"Walimpa ijaza?"

"Hapana, shekhe."

Akamtazama shekhe wangu kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali wa mwenyeji wake. Shekhe wangu aliona haya, na nadhani haya ile ndiyo iliyoharibu kila kitu. Aliniambia kwa upole kwamba silsila ya elimu haianzii kwenye konde la mpunga. Kisha akaongeza kwamba jina la mjakazi likitangulia, majina yao wao watatu, yatakayokaa mwishoni, yatakuwa yamefungwa kamba moja na lake. Hapo ndipo nilipoelewa kinachowauma. Walibishana nami asubuhi nzima, na asubuhi nzima hakuna aliyefungua zaidi ya ukurasa wa nne.

Mwishowe wakaleta suluhu. Niandike "mlezi wangu", nisiandike "mwalimu wangu". Mlezi hana ubaya, kila mtu amelelewa na mtu. Shekhe wangu mwenyewe akachovya ncha ya kitambaa katika birika la udhu, akaninyooshea. Wino wa masizi hufutika kwa maji bila kuharibu karatasi, na lilikuwa neno moja tu.

Nilikitazama kile kitambaa. Ijaza ilikuwa pale pale, kalamu yao imeshachongwa. Niliziwaza nyumba za Dunda ambako wangesimama nikiingia. Niliitaka ile ijaza, sitasema uongo, niliitaka hata mate yakanikauka.

"Aliyenilea ni mama yangu," nikasema. "Huyu alinifundisha. Nikianza kitabu cha haki za watu kwa kumdhulumu mtu haki yake, mtanipa ijaza ya nini?"

Mmoja wao alisema jambo kuhusu adabu. Nikakichukua kitabu changu juu ya mto, nikaondoka kinyumenyume nisiwape mgongo, maana adabu ninayo, nikavaa makubadhi yangu nikateremka barazani.

Nilikwenda Mkange kwa miguu, siku tatu, nikavuka Kingani na Wami, na njia nzima nikijisifu. Nilidhani nikimsimulia yule mama atalia kwa furaha.

Nilimkuta kondeni akifukuza ndege. Alikuwa ameshazeeka, lakini kombeo lake lilikuwa halikosi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepewa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanitolea maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwake hata nilipokuwa mtoto mtundu.

"Nani aliyekutuma?" alisema. "Miaka tisa, mwana wa watu, unaitupa kwa jina langu? Mimi jina langu nalijua. Lete hicho kitabu."

Nikampa. Alilitafuta jina lake kwa kidole mpaka akalipata, akalamba kidole gumba, na kabla sijamzuia yale maneno mawili yaliyokuwa mbele yake yamekuwa doa la kijivu.

"Haya. Rudi kachukue ijaza yako."

Nilikuwa na kidau cha wino mkobani. Nikaketi chini pale pale, nikaandika "mwalimu wangu" juu ya lile doa, kwa kalamu nene kuliko ya kwanza. Akafuta. Nikaandika. Mara ya tatu karatasi ilianza kulegea, akaondoa mkono wake.

"Una kichwa kigumu," alisema. "Basi kama mimi ndiye mwalimu, soma nisikie."

Nikasoma. Yeye alifumba macho, mikono juu ya magoti, na ndege wakala mpunga wake wapendavyo. Aliniuliza maswali ambayo masheikh hawakuniuliza, mengine yalinitoa jasho. Siku ya pili tulifika mlango wa saba.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia. Mtu amekufa, ameacha binti mmoja, dada yake wa baba mmoja mama mmoja, na mtoto wa kiume wa kaka yake. Nilikuwa nimempa binti nusu, na nusu iliyobaki nimempa yule mtoto wa kaka.

"Na dada?"

Hapo nikaona. Hukumu ile niliijua tangu zamani: dada akikutana na binti, kinachobaki ni cha dada, na mtoto wa kaka hapati kitu. Nilikosea mara ya kwanza, nikanakili kosa lile lile mara ya pili, na masheikh watatu wakakaa nalo mwezi mzima.

"Bwana wangu alipokufa kule Saadani," alisema, macho bado ameyafumba, "aliacha hao hao. Binti, dada, na mtoto wa kaka. Binti alipata nyumba na minazi. Sisi watumwa tulikuwa kwenye ile nusu ya pili. Mtoto wa kaka alishakuja na jahazi la kutupeleka Pemba, tukahesabiwa mpaka meno. Kadhi akasema, hawa ni wa dada. Yule bibi akatuacha huru kabla Ijumaa haijafika."

Sikuweza kumtazama.

"Kwa kitabu chako, mwanangu, mimi ningekwenda Pemba, na wewe usingepata wa kukushika mkono. Sahihisha."

Nikasahihisha. Aliniacha nimalize, akaniamuru nisome mpaka mwisho, milango mitano iliyobaki, wala hakunisamehe hata herufi. Nilipofunga kitabu alinyoosha mkono akaomba kalamu. Alifungua ukurasa wa mwisho, ule niliouacha mtupu kwa ajili ya masheikh, akaandika polepole, kwa vidole vilivyozoea jembe. Aliandika kwamba amenisikia, amenisahihisha, na amenipa ruhusa nifundishe. Kisha akaweka jina lake, na mbele ya jina hilo, bila kuambiwa na mtu, akaandika mwenyewe: mwalimu wake.