Joka la Kompyuta Lilivyonikimbiza Ndosho

Mtaa wetu wote wa Ndosho unaujua mkasa huu, kwa hiyo kuuficha hakunisaidii, afadhali niueleze mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza université, nabisha kila kitu, na nataka kumuoa Furaha, lakini baba yake, muzee aliyekimbia vita Rutshuru, alikuwa bado hajanipa jibu. Nikamualika muzee ukumbi wa video, saa tisa mchana, tutazame filamu ya joka iliyotokana na riwaya niliyoisoma mara mbili.

Kosa langu dogo lilikuwa kuchagua benchi la mbele, chini ya spika, ili nimweleze vizuri. Nikamweleza kwamba magamba yale yote ni ya kompyuta, kwamba atazame kivuli cha joka kinavyopanda ukuta na kujikunja kwenye kona (hiyo ndiyo kazi, nikasema), ila mabawa ni madogo kwa uzito ule, na moto wa volkano mle unatiririka ovyo, sisi tuliojenga juu ya lava tunajua.

"Kwa hiyo pale hakuna kitu," akasema.

"Hakuna kitu, papa. Usiogope."

Wiki ile mabomu yalikuwa yanasikika upande wa Sake. Joka likapuliza, ukuta wa mji ukapasuka, spika ikanguruma sikioni, na miguu yangu, ambayo haikusoma université, ikanitoa nje kupitia pazia na kuacha kiatu kimoja.

Mama wa ndizi akaniona, akafunga ndizi zake. Mama wa makala, yule muuza mkaa, akamwona mama wa ndizi. Nilipogeuka, watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani, nikajiambia kumbe nilikuwa sahihi, nikamshikia mama mmoja ncha ya godoro lake, tukaelekea mtaa wa Mabanga.

"Wapiganaji wamefika wapi, mama?"

"Sijue, papa. Tuliona kijana mumoja wa université anakimbia, tukasema huyu anajua kitu."

"Alikuwa namna gani?"

Akatazama shati langu la université, halafu mguu usio na kiatu. Akaweka godoro chini.

Nililirudisha mimi, peke yangu, kichwani, mbele ya barabara nzima iliyokuwa inafungua tena biashara bila kunisalimia. Ukumbini filamu ilikuwa imekwisha. Muzee alikuwa bado kwenye benchi, kiatu changu magotini.

"Bomu ya kweli inakuyaka, inatua bila muziki," akasema. "Ile ya filamu walipiga ngoma kwanza."

Nikainama kuvaa kiatu.

"Nimekimbia vita tatu, mutoto wangu. Kila mara nilihesabu kwanza watu wa nyumba. Wewe ulihesabu nani?"

Hata kiatu sikukihesabu.

Jibu kuhusu Furaha muzee bado hajanipa, ila juzi aliniambia nimtafutie ile filamu tena, kwa sababu kile kivuli hakukitazama vizuri. Tutakaa nyuma. Bado nasema mabawa ni madogo, lakini safari hii nitamshika muzee mkono wa koti tangu mwanzo, na akiinuka yeye, ndipo nitainuka.