Nilishika Gurudumu la Nyuma

Niliondoka Bagira asubuhi moja bila mpango. Nilikuwa nimechoka kutazama paa zilezile, na Nyangezi nilikuwa sijawahi kulala; sababu nyingine sikuwa nayo. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo ninajifunza kwa macho. Kwenye kituo cha pikipiki nilimpata dereva mmoja, motard aitwaye Murhula.

"Uko na nani kule Nyangezi?" aliniuliza.

"Siko na mutu."

"Unaenda tu hivi hivi? Tonton, weye ni touriste ya Bagira!"

Tulicheka, nikapanda nyuma yake.

Baada ya mtaa wa Panzi nyumba zilianza kupungua, barabara ikaingia kati ya migomba na mikaratusi. Nilimsumbua kwa maswali: kilima hiki kinaitwaje, moshi ule ni wa nini. Alijibu yote bila kuchoka.

Kwenye kona moja, upande wa kushoto, niliona wanaume wawili wakipasua mbao. Gogo lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo mengine. Mmoja alisimama juu yake, mwenzake chini, na msumeno mrefu ulipanda na kushuka kati yao. Nilimgonga Murhula begani. "Angalia kule!"

Aligeuza kichwa, na pikipiki ikafuata kichwa. Tulikuwa tumeshavuka kwenda kushoto, upande wa magari yanayokuja, lori lilipotokeza, limejaa kreti za bia. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zote, lakini ubavu wa lori ulitugusa. Mimi niliangukia majanini, sikuumia. Murhula alilala barabarani kando ya pikipiki yake, mguu umepinda mahali mguu usipopinda.

Dereva alikuwa mtu mzima, Papa Mugisho. Madereva wengi wakigonga mtu hukimbilia kwanza kituo cha polisi kabla watu hawajakusanyika, wala siwalaumu. Yeye alishuka, akavua shati, akaufunga ule mguu kwenye kipande cha ubao walicholeta wapasua mbao. "Usitikisike, mutoto wangu," alimwambia Murhula. Akasimamisha gari lililokuwa linapanda mjini, wenye gari wakampeleka Murhula kwenye kituo cha afya. Kisha akakata matawi, akayatandaza barabarani pande zote mbili za kona, akaweka mawe kwenye magurudumu ya lori.

"Moto ibakie pale ilianguka," alisema, akiionyesha pikipiki. "Mutu asiiguse mpaka roulage ifanye constat, iandike vile ajali ilikuwa."

Polisi wa barabara walikuwa bado hawajafika motards walipofika. Walikuja wengi, kwa honi, kama wanavyofanya kila mwenzao anapoanguka, wakiongozwa na prezida wa kituo chao, mwanaume mnene mwenye miwani ya jua.

"Mwenzetu amevunjika!" alipaza sauti. "Muvute moto, muirudishe ku mukono yake!"

Watatu waliinama, wengine wakimzuia Papa Mugisho kando ya lori lake. Mmoja akanigeukia, mimi abiria. "Weye kliyan, shika huko nyuma!"

Nikashika gurudumu la nyuma. Hakuna aliyenitisha. Waliita, nikaenda, kama mtu anayesaidia kubeba meza. Tuliiweka pikipiki upande wa kulia, mkono wake halali, na kijana mmoja akafagia alama za matairi kwa tawi lilelile la Papa Mugisho.

Polisi walipofika, kila kitu kilionyesha kwamba lori ndilo lililotufuata upande wetu. Walimkalisha Papa Mugisho chini, kifua wazi. Akaninyooshea kidole.

"Chef, muulize huyu. Alikuwa ku moto. Kijana, sema."

Wote walinitazama.

"Sikuona muzuri," nilisema.

Mimi, ninayetazama hata mchwa wakihama.

Hapo mtu mmoja alimpiga Papa Mugisho kofi. Hakugeuka kumtafuta aliyempiga. Alikuwa ananitazama mimi. Wengine walianza kushusha kreti. Prezida alipiga kelele akilionyesha lori: "Batu ya kamiyo banatuuwa kila siku! Leo huyu atalala ku cachot ya polisi!" Polisi akatoa pingu.

Nilisogea mbele ya polisi. "Chef, moto tuliihamisha. Ilikuwa kule kushoto. Na ni mimi nilimwambia motard aangalie pembeni."

"Weye kliyan!" prezida aliniambia. "Unasema sasa?"

"Ni kweli," alisema mpasua mbao mmoja, akiangalia chini. "Na siye tuliona." Naye alikuwa amenyamaza muda wote ule.

Pingu zilirudi mfukoni. Papa Mugisho aliinuka, akaingia kwenye lori, akawafuata polisi kwenda kutoa maelezo.

"Umeuza Murhula," prezida alisema. "Nyangezi utafika na miguu yako."

Niliingia Nyangezi jioni, vumbi hadi magotini. Motards wote walionipita hawakupunguza mwendo. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anauza ndizi, na watu walikuwa wameniambia kwamba hupangisha chumba. Anaitwa Maman Nabintu.

"Asinge, Maman," nilimsalimu.

"Asinge. Chumba iko." Alianza kufungua mlango. "Ulipita kule kamiyo iligonga motard? Hawa bashoferi! Mutoto wangu wa kwanza naye iko motard. Sinalala muzuri."

Ingekuwa rahisi kutikisa kichwa na kuingia. Nilimweleza yote begi likiwa bado mgongoni, kuanzia msumeno hadi kofi. Mkono wake ulibaki kwenye kitasa.

"Yule papa, ulimuomba musamaha?"

"Hapana. Niliona haya."

"Na motard?"

"Hapana, Maman."

"Eh! Basi haya yako inasaidia nani?" Akasukuma mlango. "Lala. Asubuhi utarudia kule kuwaomba musamaha."

Mimi si mtu wa kurudi njia niliyokwisha kupita. Lakini usiku ule nilikubali kwamba penye ajali mkono uende kwanza kwa mtu aliyeumia, chuma kibaki kilipoangukia, na aliyeona aseme kabla mwingine hajapigwa. La kwanza na la pili Papa Mugisho aliyafanya mbele yangu. La tatu lilikuwa langu.

Kupitia ukuta wa mbao nilimuuliza Maman Nabintu kama mtoto wake angeweza kunipeleka asubuhi.

"Mutoto wangu?" alijibu. "Hapana. Weye utaenda na miguu, na utafika."